Shina Lisiguswe

Alhamisi moja baada ya alasiri nilikuwa barazani mwa ofisi yetu ndogo hapa Bagamoyo, nikimalizia hesabu za wiki, bajaji iliposimama mlangoni na bibi mmoja wa Kaole akashuka taratibu, akamwacha mjukuu wake ndani amsubiri. Nilimwamkia, akaitika, akaketi juu ya mkeka bila kutaka kiti. Kisha akatoa bahasha chini ya buibui lake, akaiweka juu ya daftari langu la fedha, akaniambia kwamba ndani mna shilingi 4,000,000, thamani ya kipande cha shamba la minazi alichorithi kwa mama yake.

"Mwanangu," alisema, "hii si ya kununulia sukari. Hii nataka iwe inafanya kazi hata nikishazikwa. Itaendelea?"

"Itaendelea, Bibi, inshallah."

Nilimwandikia stakabadhi, akaikunja mara nne, akaondoka.

Wiki 6 zimepita tangu siku ile na neno hilo moja, "itaendelea", halijaniacha. Aliyelitamka ni mhazini, na mhazini huyo alikuwa na daftari wazi mbele yake.

## Wiki 5

Kituo chetu kinahudumia watoto 27, wengi wao wenye mtindio wa ubongo. Mama humleta mtoto, mtaalamu humnyoosha viungo na kumfundisha mama namna ya kuendelea na mazoezi nyumbani, mtoto hunywa uji, wanarudi kwao. Anayeyajua maradhi haya anajua pia kwamba hayasubiri: mtoto asiyenyooshwa, misuli yake hukakamaa kidogo kidogo, na miezi inayopotea akiwa na umri wa miaka 3 hailipiki kwa urahisi akiwa na miaka 7.

Siku Bibi alipokuja tulikuwa tunadaiwa kodi ya nyumba, na mtaalamu wetu alikuwa hajalipwa kwa miezi 2. Shirika lililokuwa likitulipia posho yake lilikuwa likipata sehemu ya fedha zake kutoka Marekani, na tangu amri ya tarehe 20 Januari 2025 iliyosimamisha misaada ya nchi ile kwa mataifa mengine, barua zake zilikuja fupi fupi hadi zikakoma. Sisi hatukuwahi kupokea hata senti moja moja kwa moja kutoka Washington, na ofisi yetu haikuwahi kutembelewa na mtu wa huko. Hata hivyo uamuzi uliofanywa huko ulifika hadi kwenye godoro la mazoezi la mtoto wa Mlingotini.

Nilipiga hesabu usiku ule ule. Kama ningeziingiza shilingi 4,000,000 kwenye akaunti ya kawaida na kulipa tunayodaiwa pamoja na matumizi ya kila siku, zingekwisha ndani ya wiki 5.

Wiki 5 kwa watoto 27 si jambo dogo, na sitaki mtu anisome kana kwamba nalidharau. Lakini silo nililoahidi.

Niliiacha bahasha ndani ya kasha la chuma. Mwenyekiti wetu aliniuliza mara 2 kwa nini fedha ile haijaingia benki, na mara zote mbili nilimjibu kwamba nahitaji muda, bila kuwa na hakika muda huo ni wa kufanya nini.

## Hesabu ya Khaybar

Bibi hakulitaja neno wakfu, ingawa ndilo alilokuwa akilieleza. Aliyepita chuo cha Kurani anaijua habari ya Sayyidna Umar alipopata ardhi Khaybar, akaenda kumuuliza Mtume aifanyeje, akaambiwa kwamba akipenda aizuie asili yake na ayatoe sadaka matunda yake. Ardhi ile ikawa haiuzwi, hairithiwi, wala haitolewi zawadi. Ndiyo sababu mzee wa mwambao akisema anataka sadaka ya kuendelea huwa hasemi fumbo. Ana picha kamili kichwani: shina linabaki, matunda yanaliwa na wenye haja.

Nilipoanza kusoma namna watu wa miji mingine wanavyozitunza fedha za hisani, nilikutana na picha hiyo hiyo katika lugha ya benki. Zipo taasisi za wakfu wa jamii, ambazo hazimilikiwi na tajiri mmoja wala familia moja, bali hukusanya michango na wosia wa watu wengi wa mji au wilaya, mikubwa kwa midogo, zikaiwekeza kwa pamoja na kugawa sehemu ya faida kwa vikundi na mashirika madogo ya pale pale. Kenya wanayo tangu mwaka 1997, nayo inaitwa Kenya Community Development Foundation. Kwetu jina lenyewe linatatiza kidogo, maana ukitamka "mfuko wa jamii" msikilizaji hufikiria TASAF au kadi ya matibabu, yaani fedha zinazoshuka kutoka serikalini. Hizi hazishuki kutoka juu. Zinatoka kwa majirani.

Utaratibu wake niliuelewa kwa kuufananisha na shamba moja lenye minazi ya watu tofauti. Kila mtoaji ana mnazi wake wenye jina lake katika vitabu. Mmoja amesema nazi zake ziende kwa shule fulani, mwingine amesema ziende kwa wagonjwa wa aina fulani popote walipo wilayani, mwingine amewaachia wasimamizi waamue kila mwaka mahali penye haja kubwa zaidi, na mwingine yuko hai na hupenda kushauri mwenyewe nazi za msimu huu zipelekwe wapi. Mlinzi ni mmoja, mkwezi ni mmoja, na gharama za palizi zinagawanywa kwa wote. Mtu mwenye mnazi mmoja hawezi kumwajiri mlinzi wake peke yake, ila akiungana na wenzake 300 anaweza.

Kiasi kinachogawiwa kila mwaka huwekewa kikomo. Taasisi nyingi za namna hii hutoa kama asilimia 4 au 5 ya thamani ya mtaji, tena si thamani ya siku ile bali wastani wa miaka 3 au zaidi, ili mwaka wa neema usiwapumbaze na mwaka wa ukame usiwanyang'anye watoto uji ghafla. Kinachobaki cha faida hurudishwa kwenye shina, kwa kuwa bei hupanda na shina lisilokua hupungua hata kama halijaguswa.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba nilichomwahidi Bibi kinawezekana duniani. Kisichokuwepo ni chombo cha kukishikilia hapa.

## Nyumba ya wakfu

Kabla sijaendelea na mambo ya mbali, naomba nieleze kuhusu nyumba moja.

Iko katika mji wa kale, imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa kama wenzake, na wazee husema iliwekwa wakfu na mwanamke mmoja zamani za Mjerumani ili kodi yake inunue mafuta ya taa za msikiti na kuwalisha wasafiri. Nilipokuwa mtoto nilipita hapo kila siku nikienda shule. Wapangaji walikuwa wakilipa kodi ambayo haikupandishwa kwa miaka mingi, kwa sababu aliyestahili kuipandisha alikuwa amekufa na aliyemrithi alikuwa jamaa ya mpangaji. Kodi haikutosha kutengeneza boriti, boriti ziliporomoka, paa likafuata, na leo kuna mpapai umeota katikati ya chumba kilichokuwa sebule.

Nyumba ile haikuuzwa, haikurithiwa, wala haikutolewa zawadi. Masharti yake yametimizwa yote.

Na haimlishi mtu yeyote.

Msafiri siku hizi hateremki kutoka jahazini akiwa hana pa kulala, na msikiti una umeme. Hata kama paa lingekuwepo, fedha zingekuwa zikitafuta mafuta ya taa na kuyakosa, huku mtoto wa nyumba ya tatu akikakamaa kwa kukosa mazoezi. Sheria ya wakfu haikukosa dawa ya hali kama hiyo, maana wanazuoni walizungumzia kubadilisha mali ya wakfu iliyoharibika kwa nyingine yenye manufaa, wengine wakiruhusu zaidi na wengine wakibana. Dawa lakini huhitaji kadhi au msimamizi mwenye ujasiri wa kuitumia, na mwenye kumbukumbu zilizoandikwa. Nyumba ile haikuwa na daftari.

Nilisimama mbele yake wiki ya tatu baada ya Bibi kuja, nikawaza kwamba mwanamke aliyeiweka wakfu naye yamkini aliambiwa na mtu kama mimi, "Itaendelea."

## Mkono wa marehemu

Hofu hiyo hiyo ilimsumbua mwanabenki mmoja wa Cleveland, Marekani, aliyeitwa Frederick Goff. Benki yake ilikuwa imejaa wosia wa marehemu waliotenga fedha kwa ajili ya mambo mema, na baadhi ya mambo hayo yalikuwa yamepitwa na wakati. Kisa kinachotolewa mara nyingi katika habari za namna hii ni cha Bryan Mullanphy, aliyewahi kuwa meya wa St. Louis na kufariki mwaka 1851. Aliacha theluthi ya mali yake kwa ajili ya wasafiri maskini waliokuwa wakipitia mji ule kwenda kuanza maisha mapya magharibi. Reli zilijengwa, magharibi ikajaa watu, misafara ya mikokoteni ikaisha, na fedha zikabaki zikimsubiri msafiri ambaye hatakuja. Waingereza huliita jambo hili mkono wa marehemu, mkono uliokufa unaoendelea kushika kalamu.

Mwaka 1914 Goff aliishawishi benki yake ianzishe wakfu wa mji, na ndani yake aliingiza vifungu 2 ambavyo nimevisoma na kuvirudia mara nyingi kuliko kitu kingine chochote katika wiki hizi.

Cha kwanza ni kwamba mtoaji akifa na kusudi lake likawa haliwezekani tena, au limekosa maana, kamati ina mamlaka ya kuielekeza fedha kwenye kusudi lililo karibu nalo, bila kwenda mahakamani kila mara. Cha pili ni kwamba benki itashika mali na kuikuza, lakini haitaamua peke yake mgawo uende kwa nani. Mgawo uliwekwa mikononi mwa kamati ya watu wachache ambao baadhi yao waliteuliwa na meya na majaji wa mji. Anayeshika fedha si anayeigawa.

Kuna jambo jingine katika habari ya Cleveland ambalo nililisoma juujuu mwanzoni na baadaye likageuza mawazo yangu. Wakfu ule ulipoanza haukuwa na fedha za kugawa, kwa sababu waliouandikia wosia walikuwa bado hai. Badala ya kukaa na kusubiri watu wafe, kamati ilitumia miaka yake ya kwanza kuuchunguza mji: hali ya shule zake, sehemu za michezo za watoto wake, na baadaye mahakama na polisi wake, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1922. Taasisi ambayo leo inasimamia zaidi ya dola bilioni 2 ilianza kazi kwa kuujua mji wake.

Sisi hapa hatuna hata orodha moja inayoonyesha ni watoto wangapi wa wilaya hii wanaohitaji mazoezi ya viungo na nani anawahudumia. Ninawajua 27. Najua kwamba si wote.

## Mfanyabiashara aliyelikabidhi jengo

Bagamoyo ilikuwa na mtoaji mkubwa kabla Goff hajafikiria lolote. Sewa Haji, mfanyabiashara wa Kihindi aliyetajirika kwa biashara ya misafara ya bara, aliukabidhi utawala wa Kijerumani jengo la shule hapa mjini kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wapokelewe, na hospitali iliyopewa jina lake huko Dar es Salaam mwaka 1897 ndiyo mzizi wa Muhimbili. Hadi leo mgonjwa anaweza kulazwa katika jengo la Sewahaji bila kumjua aliyebeba jina hilo. Alifariki mwaka huo huo wa 1897.

Nimejiuliza kwa nini aliukabidhi utawala wa kigeni, na sijaona jibu zaidi ya hili: hakukuwa na chombo cha mji ambacho angeweza kukikabidhi. Watu wenye hisani walikuwepo. Kilichokosekana ni watu wa Bagamoyo, wa dini na kabila mbalimbali, waliokaa pamoja kisheria kupokea mali kwa niaba ya wenzao watakaozaliwa. Utawala ule ulioaminiwa uliondoka Bagamoyo mwaka 1916. Majengo yalinusurika, nadhani, kwa sababu ukuta hauingii mfukoni.

Fedha huingia.

## Nani atashika kalamu

Sasa nafika kwenye shaka langu kubwa, ambalo wasomaji wangu wa hapa nyumbani watalitambua kabla sijalimaliza.

Nilikuwa mwanachama wa kikoba kimoja kwa miaka 4. Tulikuwa 30, tulikutana kila Jumapili, kasha lilikuwa na kufuli 3 na funguo zilishikwa na watu 3. Mwaka wa nne siku ya kugawana ilipofika, funguo zote 3 zilikuwepo na kasha lilifunguliwa kwa utaratibu, na ndani mlikuwa na nusu ya kilichoandikwa, kwa sababu wenye funguo walikuwa ni mtu, shemeji yake na rafiki yake. Hakuna aliyepelekwa popote. Kwenye mji mdogo, anayekudhulumu ndiye utakayemkuta msibani kesho akichimba kaburi la baba yako, na kinywa kinakuwa kizito.

Kwa hiyo mtu akiniambia, "Tuanzishe wakfu wa Bagamoyo," jambo la kwanza ninaloliona ni lile kasha.

Sheria peke yake hainitoshi. Najua wadhamini wanaweza kusajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, chini ya sheria ya kuwasajili wadhamini. Najua sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2002 na kanuni zilizofuata zinadai taarifa na hesabu zilizokaguliwa. Kikoba chetu nacho kilikuwa na katiba yenye mihuri. Nimeona pia kwamba hata kule kwenye sheria nene, shaka halijaisha. Marekani taasisi binafsi za hisani hulazimishwa kutoa kama asilimia 5 ya mali yao kila mwaka, wakati taasisi za wakfu wa jamii hazikuwekewa sharti hilo, na mifuko inayoshauriwa na mtoaji aliye hai, ambayo ilianza New York mwaka 1931, inaweza kukaa na fedha miaka mingi mtoaji akiwa ameshapata nafuu yake ya kodi na mwenye haja akiwa hajaona kitu. Shina halijaguswa, na matunda nayo hayajaliwa.

Niliyoyaona kwa miaka 11 ya kuandika maandiko ya miradi yananifanya niamini kwamba hatari hii ina mwenzake upande wa pili. Wafadhili wetu wa kawaida walikuwa tayari kulipia semina ya siku 3 yenye chakula na posho, lakini hawakuwa tayari kulipia kodi ya nyumba ambamo mtoto ananyooshwa. Walitaka jambo jipya kila mwaka. Mazoezi ya viungo hayana upya. Ni mguu ule ule, mkono ule ule, kila wiki, hadi siku mtoto anaposhika kikombe. Anayeishi hapa angeliona hilo bila kuandikiwa taarifa ya kurasa 40. Wakfu wa jamii unaofanya kazi yake vizuri huwapa vikundi vidogo fedha za uendeshaji kwa miaka kadhaa mfululizo, huwatafutia mtu wa kuwafundisha kuandika vitabu, na hukubali kuwatunzia akiba yao ndogo pamoja na mtaji wake. Unaweza kufanya hivyo kwa sababu wanaoamua wanakutana sokoni na wanaoamuliwa.

Ukaribu ule ule ulioliibia kasha letu, ndio huo huo unaomwezesha mtu kuona. Nimeshindwa kuvitenganisha. Nilichoweza kukifikia ni kuona kwamba anayeshika fedha awe mbali, benki au mfuko wa uwekezaji wenye mkaguzi asiyetujua, na anayeigawa awe karibu, na katika hao walio karibu awepo mzazi wa mtoto anayehudumiwa, awepo mwalimu, awepo mtu wa msikiti na mtu wa kanisa, asiwepo anayegombea udiwani, na mgawo wa kila mwaka ubandikwe ukutani kwa majina na kiasi, mahali ambapo muuza samaki anaweza kuusoma.

## Hesabu ya nauli

Nilirudi kwenye bahasha. Nilizungumza na mtu wa benki kuhusu hatifungani za serikali za muda mrefu, yaani hati za kuikopesha serikali fedha, ambazo hulipa riba mara 2 kwa mwaka. Viwango hubadilika, na anayetegemea matunda lazima ajue hivyo: hatifungani mpya za miaka 20 zilikuwa zikitolewa kwa riba ya asilimia 15.49, na mwaka 2022 zikashushwa hadi asilimia 12.10. Nikachukua asilimia 12 kwa ajili ya kukadiria.

Shilingi 4,000,000 zingezaa 480,000 kwa mwaka. Mfumuko wa bei kwetu umekuwa ukizunguka asilimia 3 katika miaka ya karibuni, kwa hiyo 120,000 zingerudishwa shinani ili shina lisinyauke. Zingebaki 360,000, ambazo ni 30,000 kwa mwezi.

Tuna mama mmoja anayekaa Mlingotini. Mtoto wake ana miaka 4 na amekuwa mzito kubebwa kwenye pikipiki. Bajaji kwenda na kurudi ni shilingi 7,500, na akija mara moja kwa wiki, ni 30,000 kwa mwezi.

Watoto 27 kwa wiki 5, au mtoto mmoja kwa miaka yote.

Nililitazama hilo hadi usiku wa manane. Nilimwaza mtaalamu wetu ambaye hajalipwa na bado anakuja. Nilimwaza mama yule akisubiri bajaji. Kilichoniumiza zaidi kilikuwa kwamba hata huyo mtoto mmoja nisingeweza kumwahidi, kwa kuwa kituo chetu chenyewe kinaweza kufungwa mwakani, na fedha iliyo katika jina letu ingekufa nasi au ingegawanywa na watu nisiowajua. Bibi alitoa kwa ajili ya watoto. Mimi nilimwandikia stakabadhi yenye jina la kituo. Nilikuwa nimekifunga kilicho cha kudumu kwenye kisichodumu.

## Kaole

Jumamosi iliyopita nilipanda bajaji nikaenda kwake na bahasha ikiwa kamili. Nilimkuta nyuma ya nyumba akisuka ukili. Nilimwambia kila kitu: kwamba nilijibu haraka, kwamba sikujua, kwamba kuna njia 3, ya kwanza achukue fedha yake, ya pili tuitumie sasa kwa wote, ya tatu tuiwekeze chini ya wadhamini na wakfu wa mji uje siku utakapokuja. Nilimweleza pia habari ya nyumba ya wakfu, akaniambia anaijua, mwenye nyumba ile alikuwa shangazi wa bibi yake.

Aliendelea kusuka kwa muda.

"Huyo mtoto wa nauli," akauliza, "akikua?"

"Atafuata mwingine."

"Na nyinyi mkifunga?"

Nilimwambia hilo ndilo lililonileta. Akaweka ukili chini, akaniagiza nitoe kalamu. Niliichana stakabadhi ya kwanza mbele yake na kuandika nyingine kama alivyonitajia: shina lisiguswe, matunda yawe nauli ya watoto wasioweza kutembea, kituo kikifungwa, fedha ifuate watoto wa namna hiyo popote wanapotunzwa Bagamoyo, na ikiwa siku moja hapatakuwa tena na mtoto wa namna hiyo, wanaosimamia watazame haja iliyo karibu nayo. Kifungu hicho cha mwisho nilimsomea mara 2 ili niwe na hakika kwamba ni chake na si changu. Alitia sahihi kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni.

Kisha akafungua bahasha, akahesabu noti polepole, akanisogezea shilingi 1,000,000.

"Hii mlipe mwalimu wa viungo. Hamwezi kumweka mtu miezi 2."

Kwa hiyo shina ni shilingi 3,000,000. Kwa hesabu ile ile, baada ya kurudisha sehemu ya mfumuko wa bei, zinabaki 270,000 kwa mwaka, yaani 22,500 kwa mwezi, ambazo ni safari 3 za bajaji kutoka Mlingotini. Nimefungua ukurasa mpya kwenye daftari kwa ajili ya safari ya nne, na mahali pa jina la mtoaji bado pako wazi.